Kijani Nilichokidhania Kuwa Msitu

Mwezi wa Desemba mwaka 2017, nilipopanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza pamoja na walimu wenzangu wanne kutoka Mombasa, tulipumzika mahali fulani baina ya vibanda vya Mandara na vibanda vya Horombo, vituo ambamo wapandao kwa njia ya Marangu hulala. Upepo ulikuwa umetuingia mifupani, chai iliyokuwamo katika chupa ilikwisha kupoa kwa sababu tuliifungua kila baada ya hatua chache, na mmoja wetu akamwomba mpagazi atupashie kidogo. Mpagazi yule alisitasita, akatazama juu na chini ya njia, kisha akapanga mawe matatu nyuma ya mwamba, akavunja vijiti vya erika, mmea wa mlimani wenye vijani vidogo vidogo, na kuviwasha. Vijiti vile vilishika moto kana kwamba vimetiwa mafuta ya taa, na kabla ya dakika kumi tulikuwa tumeshika vikombe vyenye chai ya moto mikononi. Tulimshukuru, tukampa bakhshishi, tukaendelea na safari yetu. Kuwasha kuni katika hifadhi ile ni marufuku, na nadhani mpagazi alikuwa anajua zaidi yetu, lakini ni sisi tuliomwomba, na mtu anayetafuta riziki kwa kubeba mizigo ya wageni si rahisi kuwakatalia wageni hao. Sikugeuka nyuma kutazama kama makaa yale yalimwagiwa maji.

Kwa miaka karibu mitatu sikuikumbuka chai ile hata mara moja. Niliikumbuka tarehe 11 Oktoba 2020, siku ya Jumapili, zilipoanza kuenea picha za mstari mwekundu wa moto uliokatiza ubavu wa mlima usiku. Moto ule uliendelea kwa siku nyingi, ukapiganwa na askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji waliojitolea kwa mamia, ambao wengi wao walikuwa na mapanga na matawi mabichi tu ya kuupigia, na ulipokwisha ilielezwa kwamba takribani kilomita za mraba 95 zilikuwa zimeungua. Taarifa za mwanzo zilizotolewa na wakuu wa serikali ya Tanzania zilisema kwamba moto ulianza kwa bahati mbaya katika eneo la Whona, mahali pa mapumziko kwa wapandao kupitia Mandara na Horombo, wakati wapagazi walipokuwa wakiwapashia wageni chakula. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa barazani nyumbani, Mji wa Kale, nikahisi mwili unaniishia nguvu. Nilijua fika kwamba moto wetu ulikuwa umekwisha kufa zamani na kwamba haukuwa na uhusiano wowote na huu. Hata hivyo nilijua pia kwamba kilichotutenga sisi na watu wale, wageni kwa wapagazi, ni bahati ya upepo peke yake.

Ndipo nikaweka nia ya kurudi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimewachorea wanafunzi wangu mlima huo ubaoni kwa chaki: mashamba chini, msitu wa mvua juu yake, kisha vichaka vya erika, kisha jangwa la mawe, kisha barafu ya Kibo, kilele chenye mita 5,895. Niliichora mikanda ile kama mtu anavyochora mistari ya kanga, ikiwa imetulia mahali pake daima. Nilitaka kuuona kwa macho yangu mkanda uliounguzwa, na nilitaka mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ametafuta kazi kwa muda mrefu bila ya kufanikiwa, aende nami, kwa kuwa nilimwona nyumbani anazidi kukunja uso kila siku.

Tuliondoka Mombasa mwezi wa Februari mwaka 2024. Sitaieleza sana njia ya Voi, Mwatate na Maktau hadi Taveta, isipokuwa kwamba baada ya nyika kavu ya Tsavo unapofika Taveta unakuta migomba na mifereji ya maji, na watu wa pale wanakwambia kwamba maji ya chemchemi za Njoro Kubwa yanatoka mlimani ingawa mlima uko upande wa pili wa mpaka. Nilipita hapo mwaka 2017 bila ya kuuliza lolote. Tukavuka mpaka wa Tanzania pale Holili, tukalala Marangu, na asubuhi tukakutana na kiongozi wetu langoni, Mchaga wa makamo aliyekuwa amepanda mlima huo tangu ujana wake akiwa mpagazi, na aliyekuwa miongoni mwa waliopanda kwenda kuupiga moto wa mwaka 2020. Tulikubaliana naye tangu mwanzo kwamba hatutafuti kilele. Tungefika Horombo, mita 3,720, tungetembea polepole, na tungesimama kila nitakapotaka kusimama.

Siku ya kwanza, kutoka langoni hadi Mandara, hukuti dalili yoyote ya moto. Msitu wa mvua ni mzito, maji yanachuruzika kando ya njia, kima wanaruka juu, na mpwa wangu aliyetarajia majivu aliniuliza kwa mshangao, "Mama mdogo, huo moto ulikuwa wapi?" Kiongozi alimjibu kwamba msitu wenye maji ya kutosha hujilinda wenyewe, na moto uliposhuka kutoka juu ulifika kwenye ukingo wake wenye unyevu ukanyong'onyea. Jioni tulipanda hadi ukingo wa kreta ya Maundi, mwendo wa robo saa na ushei kutoka vibandani, tukatazama nyanda za upande wa Kenya zikipotelea katika vumbi. Kule ndiko tulikotoka. Nilimwonyesha kijana upande ilipo bahari, ingawa haionekani.

Siku ya pili ndiyo iliyobeba safari yote. Kutoka Mandara hadi Horombo ni kilomita kama kumi na moja, na unapanda mita elfu moja. Ukishauacha msitu, ghafla unatokea kwenye uwazi, na mwaka 2017 uwazi huo ulikuwa na erika zilizotuzidi kimo, zenye matawi yaliyopindana na kuning'inia ndevu za kijivu, kiasi kwamba katika baadhi ya sehemu tulitembea kama walio katika uchochoro. Safari hii nilikuta kitu kingine kabisa. Mbele yetu palikuwa na kijani, kijani kibichi cha kupendeza, nyasi zilizosimama vishungi vishungi, kangaga zilizokunjuka, maua meupe na ya manjano yanayokauka bila ya kupukutika, na baina yake, kila baada ya hatua chache, vigogo vya erika vilivyokufa vikiwa vimesimama, vimechubuka magamba, vyeupe kama mifupa ya samaki iliyoachwa juani. Moyo wangu ulifurahi mno. Tangu utotoni nimesikia wazee wakisema kwamba moto huzaa jivu, wakimaanisha mzazi hodari aliyepata mtoto goigoi, na pale nilimwambia kiongozi kwa sauti ya ushindi kwamba leo nimeona jivu nalo limezaa, tena limezaa bustani.

Hakunijibu mara moja. Alitembea hatua nyingi akiwa kimya hata nikamwuliza, "Kaka, nimesema vibaya?"

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Ila wageni wote husema hivyo. Hebu tukae."

Tulikaa, lakini alinizuia nisikae chini ya kigogo nilichokikusudia, akaniambia kwamba mti uliokufa kwa moto huweza kusimama miaka kisha ukaanguka siku ya upepo mdogo bila ya kutoa mlio. Hilo ni la kushikwa na kila anayepita katika mlima ulioungua: kivuli cha kigogo kikavu si mahali pa kupumzikia. Kisha akapiga magoti njiani na kunionyesha nilichokuwa nakipita bila ya kukiona. Akashika shungi la nyasi, akaligawa kwa vidole, akanionyesha kwamba ndani yake, chini ya majani mabichi, kulikuwa na majani makavu ya mwaka uliopita na wa kabla yake, yamejaa kama pamba katika mto wa kulalia. Nyasi hizi, alisema, ndizo za kwanza kurudi kwa sababu chipukizi lake limefichwa katikati ya shungi ambako moto haufiki, na mwezi mmoja tu baada ya mvua ya kwanza zilikuwa zimekwisha kuchomoza. Lakini nyasi hizo hizo zikikauka ndizo chakula cha moto ujao. Palipokuwa na erika moja ndefu pamesimama sasa vishungi hamsini vya kuwashia. "Hiki unachokiona kijani," akasema, "kikikutana na ukame wa Oktoba kinakuwa petroli."

Nilibaki nimeinama juu ya lile shungi kwa muda. Nilikuwa nimekuja na kipimo kimoja tu, rangi. Nyeusi ilikuwa maafa na kijani ilikuwa uponyaji, na kwa kipimo hicho ningerudi Mombasa nikawaambie wanafunzi wangu kwamba mlima umepona, tena ningewaambia kwa furaha na kwa moyo safi. Kumbe mlima ulikuwa umevaa nguo nyingine. Mkanda niliouchora kwa chaki miaka yote hiyo ulikuwa umehama, na msitu wa erika ulikuwa umegeuka mbuga ya nyasi, na mbuga hiyo ina desturi ya kuungua tena kabla mche wa erika haujakua kiasi cha kuustahimili moto. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, Mjerumani aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba mioto ya mara kwa mara, ikisaidiwa na hali ya hewa inayozidi ukavu, imeushusha ukingo wa juu wa msitu wa Kilimanjaro, na kwamba hasara ya maji inayotokana na kupotea kwa msitu huo ni kubwa kuliko hasara ya kuyeyuka kwa barafu ambayo dunia nzima inaililia. Niliwahi kuyasoma maneno hayo. Sikuyaelewa mpaka nilipopitiwa na ukungu wa adhuhuri.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni kiasi cha saa saba mchana, kama kawaida yake, ukatufunika. Kiongozi akatupeleka pembeni kidogo, mahali ambapo moto uliruka ukaacha kisiwa cha erika kama kumi na tano zilizo hai, akatuambia tusimame chini yake tusikilize. Palikuwa kunanyesha. Hapakuwa na mvua mahali pengine popote, lakini chini ya miti ile matone yalikuwa yakianguka kutoka kwenye vijani vidogo vidogo na zile ndevu za kijivu, ambavyo huukamata ukungu na kuukusanya mpaka ukawa maji, na ardhi chini yake ilikuwa imelowa na kuwa laini kama sponji. Tulipotoka nje ya kisiwa kile hatua kumi tu, katika kijani nilichokisifu asubuhi, ukungu ulikuwa ukipita juu ya nyasi na kwenda zake, na udongo ulikuwa mkavu hata unatimka vumbi. Mpwa wangu aliingia na kutoka mara tatu, akinyoosha viganja, hasemi neno. Sikumbuki mara nyingine niliyomwona akishangaa hivyo tangu alipokuwa mtoto.

Sisi watu wa Mombasa si wageni wa habari ya maji. Tumelelewa na birika, na hadi leo mifereji inapokauka tunawasubiri wenye mikokoteni ya mitungi ya lita ishirini kama tunavyosubiri mwezi wa Idi. Sehemu ya maji yetu hutoka chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima ni mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu, ikazama katika miamba ya volkano na kutokea chini katika Tsavo, kisha ikaletwa pwani kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 kupita umbali wa zaidi ya kilomita 200. Chyulu nayo huungua nyasi zake wakati wa kiangazi. Nilikuwa nikifundisha habari za bomba lile, kipenyo na urefu wake, lakini sikuwahi kumfundisha mwanafunzi yeyote kwamba mwanzo wa bomba ni jani.

Njia ya juu ya pale ilikuwa ngumu kuliko nilivyoikumbuka, na sababu yake ni moto pia. Mizizi iliyoshika udongo ilikuwa imeoza, masika matatu yalikuwa yamekwisha kupita juu ya ardhi iliyo uchi, na katika baadhi ya miteremko mvua ilikuwa imechimba makorongo yenye kimo cha goti. Tulilazimika kufuata njia iliyowekwa bila ya kukata kona hata moja, kwa sababu udongo wa namna hiyo ukishakanyagwa nje ya njia hufunguka, na korongo jingine huanzia kwenye alama ya kiatu chako. Tulibeba maji zaidi kuliko mwaka 2017, kwani vijito viwili nilivyovikumbuka vilikuwa vikavu, ingawa siwezi kusema kwa hakika kwamba moto ndio uliovikausha, maana Februari ni mwezi wa kiangazi. Kitambaa cha kuzibia pua kilitufaa sana. Jivu, baada ya miaka mitatu na ushei, lilikuwa bado limo katika udongo, na kila upepo ulipovuma liliinuka.

Hata hivyo sitaki kuudhulumu mlima kwa kusema hapana kinachorudi. Protea zilikuwa zimechipua upya kutoka mashinani, majani yake magumu yakiwa na rangi ya fedha, na juu ya ua moja tulimwona chozi wa kijani king'aacho akitumbukiza mdomo wake mrefu. Baadhi ya erika ambazo vigogo vyake vilikuwa vimekufa juu zilikuwa zimetoa vichipukizi chini kabisa, kwenye shina lililofukiwa, vingi na vyembamba kama nywele za mtoto. Karibu na Horombo, kando ya kijito, nilikuta senesio wawili, mimea ile mirefu yenye kichwa cha majani na koti la majani makavu shingoni, linaloulinda shina na baridi kali ya usiku. Koti hilo likishika moto hugeuka adui wa aliyelivaa. Mmoja alikuwa amekufa akiwa mweusi kama mkaa. Wa pili, hatua nne upande wa pili wa maji, alikuwa mzima.

Siku ya tatu tulipokuwa tukishuka, niliomba tupite mahali tulipopumzikia mwaka 2017. Niliutambua mwamba kwa umbo lake, kwani palikuwa na ufa kama mlango. Nikamsimulia kiongozi habari ya chai yetu yote, mbele ya mpwa wangu, bila ya kupunguza neno, nikasema kwamba tulioomba ni sisi. Nilitarajia alaumu, au aniambie haidhuru. Hakufanya moja wala jingine. Alituambia kwamba mwaka 2020 alikaa juu kwa siku tano, akilala kwa zamu, na kilichomchosha zaidi hakikuwa ule moto wa juu unaoonekana bali moto wa chini, uliozama katika udongo uliojaa mizizi na majani yaliyooza, ukatembea kimyakimya na kuzuka mahali walipokwisha kupashinda. Walikuwa wakigusa ardhi kwa viganja kutafuta palipo na joto. Kisha akaniambia kwamba kwao Uchagani, mtu aliyemkosea mwenzake huenda kwake na jani la isale, mmea wa kuombea msamaha, na kwa desturi anayepelekewa isale halikatai ombi. "Lakini isale haioti huku juu, Mwalimu," akasema, "na huwezi kumpelekea mlima. Wapelekee wale wanaokuja."

Tokea hapo nimekuwa nikifanya hivyo kwa namna ninayoiweza. Kila mwaka huja kwangu wazazi na vijana wanaotaka kupanda Kilimanjaro au milima ya Taita, wakitaka ushauri wa viatu na mavazi, na kabla ya viatu ninawasimulia habari ya chai. Ninawaambia wanunue chupa mbili nzuri za kuhifadhi joto, ndogo ndogo, ili moja ibaki imefungwa mpaka mchana. Wale tende na visheti njiani. Wavae nguo ya pili kabla ya kuona baridi. Na wasimwombe mpagazi jambo ambalo hawezi kulikataa. Wapo wanaoona kwamba nalikuza jambo dogo. Ninawavumilia, kwa sababu na mimi nililiona dogo.

Mpwa wangu alipima kwa shibiri mche mmoja wa erika uliokuwa umeota peke yake karibu na mawe yetu matatu, ambayo mawili yalikuwa bado pale. Ulikuwa shibiri moja na vidole vinne. Aliandika kipimo hicho na tarehe katika simu yake, na njia nzima kutoka Holili hadi Voi alikuwa akiniuliza ni chuo gani kinachofundisha habari za misitu na karo yake ni kiasi gani.

Tulifika Mombasa usiku, na wiki hiyo mifereji ya mtaani kwetu ilikuwa haitoi kitu. Asubuhi nilinunua mitungi miwili kwa mwenye mkokoteni, nikafua soksi zetu uani kwa maji nusu ndoo. Zilitoa weusi mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Maji yale niliyabeba hadi mlangoni nikayamimina taratibu kwenye shina la asumini.